Laini ya Mama Kananu

Kwa Baba,

Kaa chini kwanza. Nakujua: barua hii umeipokea ukiwa umesimama, spana mfukoni, na ungetaka kuisoma hapo hapo langoni. Kaa. Mwite Mama naye aache jiko akae. Na wewe Karimi, kama ndiwe unawasomea kwa sababu miwani ya Baba imepotea tena, usiruke mahali popote, hata pale utakapoona ni heri uruke. Wewe ni dada yangu mkubwa, lakini kwa hili moja naomba unitii.

Hamjambo huko? Mvua imeshuka Mitunguu, ama mnaiona tu ikienda kuwanyeshea watu wa juu? Migomba ya kule chini imesimama, ama upepo umeilaza tena? Goti la Mama likoje? Nimesikia Mutuma ndiye anaongoza kwaya siku hizi, na nimeshangaa, maana huyo kaka yangu tangu azaliwe hajawahi kumwachia mtu mwingine amalize wimbo.

Hapa ndipo mtu huandika "mimi ni mzima wa afya." Nimeandika hivyo mara mbili na mara mbili nimeirarua karatasi. Hii ni ya tatu. Ukiona mwandiko umelala upande, ni kwa sababu naandika nimesimama, kwenye ubao wa kupigia pasi. Siwezi kukaa. Nikikaa naanza kuusikiliza moyo, na nikiusikiliza naanza kuuhesabu, na nikiuhesabu nakosea hesabu, basi nainuka naenda kupangusa jiko. Jiko la hapa limepanguswa mara nne leo na hakuna aliyepika.

Barua anakuja nayo Igoki, yule msichana wa Embu ninayeishi naye nyumba moja. Anakuja likizo. Jumamosi atampa Karimi mkononi pale Embu mjini, na Jumapili Karimi atakuwa kwenu kabla ya chai ya saa kumi. Siku hizo nimezipanga kwa makusudi. Endelea kusoma utajua kwa nini.

Kwanza nikuombe radhi kwa habari ya simu. Miezi minne sasa nimekuwa nikikuandikia ujumbe tu, eti simu yangu imeharibika, mtu akiongea hasikiki. Karimi aliniambia ulivyosema: "Kagendo ameenda kwa Wazungu akawa mkubwa, hata babake anamsalimia kwa mistari miwili." Nilicheka, halafu nikaingia bafuni nikalia. Baba, simu ni nzima. Sauti ndiyo imeharibika. Ningekupigia ungeisikia, na ungejua, kwa sababu wewe ukisikia tu paipu inavyopiga kelele unajua ina nini ndani.

Ilianza kama mafua. Sauti ikawa nzito, kisha ikapasuka, kisha ikabaki kama ya mtu anayenong'ona siri. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikajifunga shuka shingoni. Unajua kazi yangu ni kwenda nyumbani kwa wazee asubuhi, kuwaosha, kuwavalisha, kuwainua kitandani kuwaweka kwenye kiti. Kuna mzee mmoja, alikuwa dereva wa treni, masikio yake ni hafifu na ulimi wake ni mkali. Siku moja akanigombeza: "Mbona unanong'ona ndani ya nyumba yangu, unaniibia nini?" Nikamwambia sauti imekwenda. Akauliza imekwenda lini. Nikasema miezi miwili. Huyo mzee akaninyima mkono wake. Akasema leo havai shati mpaka nipige simu kwa daktari mbele yake. Nikapiga, yeye akiwa amekaa na fulana tu, anatetemeka kwa baridi na kiburi. Kwa kweli alinikumbusha mtu fulani.

Wakanipeleka kwa daktari wa koo. Akapitisha kamera nyembamba puani, akatazama, akasema kamba moja ya sauti, ya upande wa kushoto, imelala, haisogei. Nikamwuliza ina kidonda? Akasema kamba haina kosa lolote. Kuna kitu kifuani kinachoukanyaga mshipa wa fahamu unaoendesha ile kamba. Wakanipiga picha kwenye ile mashine ya mviringo. Asubuhi iliyofuata nikapigiwa simu: njoo, na usibebe kitu kizito kuliko birika, na usikimbilie basi. Baba, mtu akikuambia usikimbilie basi, unajua mambo yameharibika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo utaelewa kuliko mtu yeyote. Hata mimi nilielewa kwa sababu yako.

Daktari wangu wa mishipa ni mama mfupi, viatu vya mpira, anaongea haraka. Alichukua kalamu akanichorea. Moyo uko hapa chini. Kutoka kwa moyo unapanda mshipa mkuu wa damu, mnene kuliko yote mwilini. Unapanda kidogo, halafu unakata kona nyuma ya kifua, halafu unashuka kwenda tumboni na miguuni. Pale kwenye kona inatoka mishipa mitatu kwenda juu. Wa kwanza ni wa mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa. Wa pili ni wa kichwa, upande wa kushoto. Wa tatu ni wa mkono wa kushoto, pamoja na sehemu ya nyuma ya ubongo. Na kwangu, kidogo tu baada ya huo wa tatu, ukuta wa mshipa mkuu umechoka, umevimba kwa nje. Uvimbe ndio umekanyaga sauti yangu. Umekuwa hapo siku nyingi, presha ikiusukuma, na mimi presha yangu sijawahi kuipima tangu nimzae Munene.

Ukipasuka, alisema, hakutakuwa na muda wa kuita gari.

Nilikaa pale nikitazama ule mchoro, na unajua nilisema nini? Nilisema, "Hii ni kona ya korongoni, ile ya paipu ya Baba." Kwa Kimeru nilisema. Daktari akaniuliza nimesemaje, nikamwambia si kitu, endelea.

Dawa yake ni hii. Zamani walikuwa wanapasua kifua chote, wanausimamisha moyo, wanakata kipande kibovu wanashona kipya. Siku hizi, kwa watu kama mimi, wanatoboa tundu dogo pajani, karibu na nyonga, wanapitisha waya ndani ya mshipa mpaka juu kwenye kona. Juu ya huo waya wanasukuma soksi ya kitambaa yenye springi za chuma, imekunjwa ikawa nyembamba. Ikifika mahali pake wanaifungua, inatanuka, inashika ukuta mzima juu na chini ya uvimbe. Damu inapita ndani ya soksi. Uvimbe unabaki nje, hausukumwi tena. Na ili mkondo usiivute soksi wakati inafunguliwa, wataufanya moyo upige mbio kupita kiasi kwa sekunde chache, mpaka uwe kama hausukumi kitu. Hilo la moyo ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ulikuwa ukimtuma mtu mpaka juu mtoni afunge valvu. Hawa valvu yao ni mimi.

Nimerudi. Nilikuwa nimeenda dirishani kisha mlangoni kisha dirishani. Kutoka dirisha mpaka mlango ni hatua tisa. Igoki anapanga sanduku lake na ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ninaloogopa kukwambia nitalisema sasa, kabla sijapata kisingizio cha kupangusa jiko tena.

Daktari alisema soksi haiwezi kushika penye ukuta mbovu. Lazima ianze kushika penye ukuta mzima, na ukuta mzima kwangu unaanza kabla ya mshipa wa tatu. Maana yake soksi itaufunika mdomo wa mshipa wa tatu, ule wa mkono wa kushoto. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuufunika tu na kungoja: mara nyingi mkono hupata damu kidogo kwa kuzunguka njia nyingine, na ukileta shida utashughulikiwa baadaye. Ya pili ni kukata kidogo hapa shingoni, juu ya mtulinga, na kuunganisha mshipa wa pili na wa tatu kwa kipande cha mrija, ili mkono upate damu kutoka kwa jirani yake kabla soksi haijafunika mdomo. Hiyo ni kidonda cha pili na saa zaidi mezani, na ina hatari zake. Yeye alipenda ya pili. Lakini akauliza, "Unatumia mkono gani?"

Nikasema, wa kulia.

Baba, mwanamke wa miaka arobaini na minne nikasema wa kulia! Kwa sababu tangu darasa la kwanza nikiulizwa hivyo ndivyo nimejibu, yule mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu na rula. Unakumbuka ulivyokuja shuleni na ovaroli la matope, ukamwambia, "Mwache mtoto, spana haijui mkono." Uliniruhusu kuandika kwa kushoto ukiwa wewe peke yako katika kijiji kizima. Hata Cucu, nyanya yangu, alikataa nimpe uji kwa mkono ule. Lakini mbele ya watu wageni, na watu wenye vyeo, mdomo wangu bado husema wa kulia.

Basi nikamwambia daktari, "Funika tu. Mkono utapata kwa njia nyingine. Nataka kurudi kazini."

Akanisogezea karatasi ya kukubali. Nikachukua kalamu. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akaivuta kwake. Kalamu ilikuwa katika mkono wangu wa kushoto.

Hakunigombeza. Alisema tu nirudi baada ya siku mbili nikiwa nimefikiri. Nikatoka nikitembea mwendo wa harusi kama nilivyoamriwa, na njia nzima neno moja linanirudia. Funika tu. Hayakuwa maneno yangu, Baba. Yalikuwa yako. Nilikuwepo ulipoyasema.

Nilikuwa darasa la saba. Kona ya korongoni ilikuwa imechoka, ile paipu ya chuma inayozunguka mwamba, imevimba na kutoa jasho, na kamati ilikuwa inataka mwamba upasuliwe. Wewe ukasema hapana. Ukaleta ile paipu nyeusi ya kukunjwa, ukaituma kwa kamba kutoka shimo la juu, ikapita kwenye kona ndani ya ile ya chuma, ikashika pande zote mbili. Watu walikupigia makofi. Mpaka leo kona hiyo haijavuja tone. Nilipomweleza daktari kwamba babangu alifanya operesheni hii Mitunguu kwa kamba ya kufungia ng'ombe, aliacha kuandika akanitazama.

Lakini siku ile nilikuwa nimekuletea uji, nimesimama juu ya mtaro, na nilikuona unahesabu laini zinazotoka kwenye kona. Ulihesabu kwa kidole. Ya shule. Ya zahanati. Ya Mama Kananu. Ulisimamisha kidole hapo, maana paipu nyeusi ingeufunika mdomo wake. Yule msaidizi wako akakuuliza, "Na hii je, Fundi?" Ukasema, "Huyo ana mto karibu. Funika tu, atapata kwa njia nyingine."

Hakupata.

Wiki mbili baadaye alikuja kwenye mkutano wa maji pale kanisani. Alikuwa ameufungua mfereji wake, ule wa kufungulia maji, akauleta mkononi. Akaupuliza mbele ya watu wote, upepo ukatoka upande wa pili, kuonyesha haujaziba. Na wewe ukasema, "Matope yako ndani zaidi, mama. Zibua laini yako." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa na wasichana wenzangu karibu na mlango, na Kananu mwenyewe akiwa ubavuni mwangu, na nilijua. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa babangu na walikuwa wametoka kukupigia makofi. Migomba yake ilikauka msimu huo. Mpaka leo anapanda korongo na mtungi mgongoni, na umri ule. Na wewe mpaka leo ukipita langoni kwake unakuwa na kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara.

Usiseme umesahau. Mtu aliyesahau hageuzi shingo.

Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili, na nimejikasirikia mimi zaidi. Wewe ulikosea siku moja kisha ukaona aibu. Mimi nimekuwa na miaka thelathini na moja ya kusema, na sauti nilikuwa nayo.

Na jambo lenyewe linaloniwasha mpaka nashindwa kukaa ni dogo. Ulikuwa ukisema, Mama alipokuuliza, kwamba huwezi kumrudishia yule mama maji bila kuing'oa paipu nyeusi na kuua kona yote. Nimekuwekea mchoro wa daktari ndani ya bahasha. Utazame. Haing'oi soksi. Haigusi kona kabisa. Anachukua kutoka kwa laini ya pili, pale shingoni mbali na kona, anaipelekea ya tatu. Laini ya pili ni ya zahanati, Baba. Inapita hatua arobaini kutoka kwa ua wa Mama Kananu. Kiungo kimoja cha tii, kile cha midomo mitatu, paipu ya nusu inchi, mtaro wa siku moja.

Najua uliona hilo zamani kabla daktari huyu hajajua kushika kalamu. Fundi kama wewe hawezi kukosa kuliona. Hukufanya kwa sababu kufanya ni kukubali.

Siku mbili zilipoisha nilirudi. Nikamwambia daktari, mkono wangu ni wa kushoto, na naomba ufungue njia ya mkono kwanza. Akasema sawa. Akaniambia yote bila kunificha: naweza kupata kiharusi, miguu inaweza kukosa nguvu, naweza nisiamke. Pia akasema wengi huamka wakaenda nyumbani. Nikasaini kwa mkono ninaosainia. Ni Jumatano hii, yote kwa siku moja, shingo asubuhi na soksi baadaye. Sauti hajaniahidi. Alisema huenda ikarudi, huenda ikabaki hivi.

Msiuze ng'ombe, hakuna anayetaka kitu kutoka kwenu. Msianze kuita mikutano ya familia mpaka Kibirichia. Mama, usifunge kula, goti lako linahitaji nguvu. Munene mwanangu nimemwambia ukweli wote kwa ujumbe mrefu, yuko shuleni kwake na mwalimu wake anajua. Karimi, mtembelee Ijumaa, umpelekee maembe. Kitu kingine, na hiki ni amri ya daktari, si yangu: nyinyi nyote mpimwe presha, na wewe Baba na Mutuma na Karimi mpigwe picha ya kifua, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika damu ya nyumba. Baba, unakumbuka ndugu yako mkubwa alivyoanguka mtaroni akishika kifua, na watu wakasema alitiliwa kitu kwenye kikombe. Tukamnunia jirani wa watu mpaka akahama. Sasa nafikiri kikombe hakikuwa na kosa.

Sasa ombi langu. Leo mnaposoma ni Jumapili. Una Jumatatu na Jumanne. Mutuma ana mikono, kwaya inaweza kungoja. Chimba. Usiniambie una miaka sabini na sita; juzi tu Karimi alikukuta juu ya tangi. Na ukifika langoni kwa Mama Kananu usimtume Mutuma mbele. Nenda wewe. Mwambie kwamba hakukuwa na matope. Mwambie na mimi nilikuwepo, nilikuona ukihesabu, na nilikaa kando ya binti yake nikanyamaza. Hilo usilibebe peke yako, nusu yake ni yangu.

Wala simfanyii Mungu biashara, kwamba wewe uchimbe ndipo mimi niamke. Ukichimba naweza nisiamke, na usipochimba naweza kuamka nikaishi miaka mingi nikiwa na hasira. Ni kwamba tu siwezi kulala juu ya meza ile nikiomba mkono wangu ufunguliwe njia, na njia ya mwingine niliiona ikifungwa.

Igoki amefunga sanduku, ananiambia barua haitoshei kama nitaongeza karatasi nyingine. Basi.

Nisalimie Mama kwa mikono miwili, huo wa kushoto ukiwa mbele. Nisalimie mke wa Mutuma na yule mtoto mpya ambaye sijamshika. Nisalimie tata, shangazi yangu wa Kibirichia, mwambie viazi vya huku ni maji matupu na nikirudi nataka gunia. Mchungaji mwambie aombe kwa ufupi.

Daktari aliniambia kwamba nikiamka, kabla hata hawajaniuliza jina, atashika kifundo cha mkono wangu wa kushoto kwa vidole viwili. Kama damu imepata njia, ataisikia ikipiga. Itakuwa jioni huko kwenu, jua bado likiwaka. Wakati huo usingoje kando ya simu, Baba, sitakuwa na sauti ya kukupigia. Nenda kwa Mama Kananu, na hapo ndipo Mutuma ayafungulie maji kwa mara ya kwanza. Weka kiganja kwenye paipu yake, vile ulivyonifundisha, pale juani ambapo paipu tupu huwa moto. Ikipoa ghafla chini ya mkono wako, usiseme kitu kwanza. Mwite aje aweke wake.

Mimi binti yako wa mkono wa kushoto,

Kagendo